Kibodi Yangu Irudi Kisumu

Kisumu,
18 Februari 1996

Kwa Shemeji Dalmas,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Anyango. Sisi hatujambo, ila joto la mwezi huu linatupika. Anyango ameingia darasa la sita na amerefuka mpaka sare ya mwaka jana inamwonyesha magoti. Mwalimu wake ameshanitumia ujumbe kuhusu hilo. Mama alikuja kuonyesha macho hospitali, akalala kwetu, akarudi Luanda Kotieno akilalamika kwamba chai ya mjini haina maziwa. Anasema yale magugu ya majini yameziba gati tena, na feri ya Mbita ilihangaika asubuhi nzima ikitafuta pa kuingilia. Wewe na Elsie mko vipi? Watoto wanasoma?

Nakuandikia Kiswahili kama kawaida yetu, maana Kiluo changu bado ni cha sokoni, na Kibukusu chako hata sokoni hakijafika.

Shemeji, nataka kibodi yangu.

Siku tulipomtoa mume wangu Oduor mochari mwezi wa Novemba, uliingia kwenye chumba chetu cha kazi nyuma ya duka la Jayshree, ukasema lazima kitu cha kazi ya ndugu yako kimsindikize nyumbani. Ukaichomoa kibodi kwenye kompyuta. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni na wanawake, sikuwa na nguvu ya kufungua mdomo. Baadaye kule nyumbani, wanaume walipofanya tero buru, wakikimbiza ng'ombe mpaka mpakani kufukuza kifo, wengine walibeba mikuki ya baba zao, wengine marungu, na wewe ulikimbia umeinua kibodi juu ya kichwa, waya umeuzungusha mkononi. Nilikuona. Watu wakasema ni heshima kubwa, kwamba Oduor alikuwa mtu wa kompyuta na hiyo ndiyo silaha yake. Mkaitundika kwa msumari nyumbani kwa Mama, chini ya picha ya Oduor.

Haikuwa silaha yake. Oduor alikuwa fundi. Silaha zake ni bisibisi na chuma cha kulehemu, na ziko hapa kwenye mkebe, hakuna aliyezitazama. Kibodi ni yangu. Ofisi ya pamba ya Bwana Shashikant ilipofungwa, mimi nikiwa mchapaji wao, mke wake Daxa alinipa kibodi hiyo mkononi, akasema nimeizoea kuliko mtu yeyote. Oduor alitafuta kompyuta ya kuifungia baadaye. Kompyuta ndiyo iliyoifuata kibodi.

Nilinyamaza kwa sababu ya msiba. Sasa shule zinaleta mitihani, na mimi nachapa kwa kibodi ya kuazima ambayo mwenyewe anaitaka kila jioni. Sijamwuliza Mama. Wewe ndiye mkubwa wa nyumba sasa, nimeona nianze kwako.

Wasalimie wote.
Shemeji yako,
Nasipwondi


Nairobi,
11 Machi 1996

Mpendwa Shemeji Nasipwondi,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya wewe pamoja na binti yetu Anyango. Huku sisi ni wazima. Elsie amechaguliwa kuwa kiongozi wa kwaya na nyumba sasa haina utulivu, kila chombo kinapigwa kama ngoma. Kijana wetu wa kwanza amepata daraja zuri, tunamshukuru Mungu. Kazi ya bima inaendelea, ingawa wakubwa wanazungumza juu ya kupunguza watu.

Barua yako niliisoma zaidi ya mara moja. Shemeji, nakuelewa, lakini jambo hili si jepesi kama unavyoliona. Kitu kikishabebwa kwenye tero buru kimekuwa kitu cha nyumba. Si changu, na kwa heshima zote, si chako pia. Ni lazima wazee wakae walizungumze, nawe unajua wazee wetu hawaharakishwi.

Lakini sitaki ukwame. Nimekutumia kwa basi kibodi mpya kabisa, bado iko kwenye sanduku lake. Nimeongeza na mausi, ile inayosukumwa mezani, kwa maana siku hizi ofisi zote zinaitumia. Utaona tofauti. Ile ya zamani ilikuwa chakavu, herufi zenyewe zimefutika. Kibodi ni kibodi, Shemeji, na mpya ni bora kuliko kuukuu.

Mwambie Anyango baba yake mkubwa anamsalimu.

Wako katika familia,
Dalmas


Kisumu,
2 Aprili 1996

Kwa Shemeji Dalmas,

Salamu. Sisi tuko. Mvua imeanza, na chumba chetu kinavuja mahali palepale Oduor alipokuwa akisema ataziba kesho. Nimemsogeza Anyango na kitanda chake. Mpe Elsie hongera. Mwambie kwaya bila kelele si kwaya.

Mzigo wako ulifika na nakushukuru, maana umetoka kwenye mfuko wako na kwa moyo wako. Hilo nimelisema kwanza ili usije ukaniita mtu asiye na shukrani. Sasa nikueleze ulichonitumia.

Plagi yake ni ndogo kama kifungo cha shati, na kompyuta yetu ina tundu la plagi nene ya zamani. Navin, ndugu yake Jayshree, alizunguka mji kunitafutia kiunganishi. Ikaingia. Nikaanza kuchapa, ikaanza kutembea. Ni nyepesi mno, nikichapa kwa kasi inaondoka mezani inaelekea mlangoni, mpaka nimeiwekea matofali mawili nyuma yake. Ile yangu ina bamba la chuma ndani. Daxa alikuwa akisema mwizi akija nimpige nayo, kitapasuka kichwa cha mwizi kwanza.

Hayo ni madogo. Kubwa ni kwamba kibodi yako ni bubu. Vitufe vyake ni laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi, unabonyeza na hujui kama herufi imeingia au imebaki kidoleni. Utasema nitazame skrini. Shemeji, skrini yetu imechoka, upande wa kushoto maneno ni kivuli tu. Mimi nilikuwa sitazami, nilikuwa nasikiliza. Kibodi yangu kila kitufe kina springi yake, na kila springi ikifika chini inalia. Herufi isiyolia haikuingia. Nasoma karatasi ya mwalimu kwa macho, vidole vinakwenda, masikio yanahesabu. Kitufe cha A kinalia kwa unene tangu Bwana Shashikant alipokimwagia chai. Kile kirefu cha nafasi kina mlio kama mtu anayefunga kabati. Hata ningefunikwa kwa blanketi ningekwambia ni neno gani linachapwa.

Halafu wale wadudu wa ziwa, unawakumbuka, wanaokuja kama moshi jioni na kufia kwenye kila taa. Kibodi yangu naing'oa vitufe vyote, naviosha kwenye beseni kwa sabuni, navianika kwenye ungo juani, ndani napiga mswaki, narudisha kila kimoja mahali pake. Hii yako haifunguki. Wadudu wakishaingia ndio wamezikwa humo na kazi yangu imezikwa nao.

Na hizo herufi zilizofutika unazozisema, kwangu ni sifa. Anayekuja kuniazima anaitazama, anashindwa, anaondoka. Zilifutwa na vidole vyangu hivi.

Usidhani ni huzuni inayonifanya nishike vya zamani. Nina akili zangu. Hata printa wananiambia niiache. Navin anayo mpya inayonyunyiza wino, haina kelele, karatasi inatoka kama imepigwa pasi. Nikamwuliza, inaweza kutoboa stensili? Printa yangu inagonga. Nikiondoa utepe wa wino, zile sindano zake zinatoboa nta ya stensili sawasawa, naipeleka kwenye mashine ya kurudufu, shule nzima inapata mtihani. Anayetaka nakala tatu za hati ya kiapo namwekea kaboni, printa inapiga mpaka ya tatu. Ile ya kunyunyiza itanyunyiza ya juu tu. Jirani wanaoshona nguo wanalalamika kwamba printa yetu inawasahaulisha vipimo. Wazibe masikio. Kitu kinachofanya kazi yake hakitoki kwangu kwa sababu kingine kimevaa vizuri.

Kuhusu mausi, kompyuta yetu haina mahali pa kuitumia. Anyango anaivuta sakafuni na paka anaikimbiza. Angalau mmoja amefurahi.

Sasa waulize wazee wako. Nasubiri.

Nasipwondi


Nairobi,
20 Mei 1996

Mpendwa Shemeji,

Samahani kwa kuchelewa kujibu. Nilisafiri kikazi, kisha Elsie aliugua malaria, sasa ameinuka. Watoto hawajambo. Nimesikia mahindi yameota vizuri nyumbani.

Nimewasiliana na wazee. Msimamo wao ni kwamba kitu kilichobebwa tero buru hakirudi kilikotoka. Wanasema mke akikitoa nyumbani ni kama anaaga nyumba, na sidhani unataka watu waseme hivyo juu yako. Naomba tuliache jambo hili hapo. Nitakutafutia kibodi nyingine yenye plagi nene, kuna rafiki yangu anauza.

Wazee wanauliza pia kuhusu lile jambo lingine. Mwaka unakwenda. Sitaki kuliandika kwenye karatasi, unalijua.

Wako,
Dalmas


Kisumu,
16 Juni 1996

Dalmas,

Salamu kwa Elsie, nafurahi amepona. Anyango alikuwa wa nne darasani. Mahindi yameota kweli, nimeyaona kwa macho yangu, maana nimetoka nyumbani jana.

Nilikwenda mwenyewe. Nilichukua gari mpaka Bondo, na kutoka Bondo nikashuka hadi Luanda Kotieno. Magugu yamefunika maji mpaka unadhani unaweza kutembea juu yake ukafika Mbita. Wavuvi wamekaa, wanatazama shamba lisilo lao. Nilifika kwa Mama amekaa barazani anachagua dagaa wa omena, tukasalimiana, nikaingia ndani. Picha ya Oduor ipo. Msumari upo. Kibodi haipo.

Nilidhani Mama ameihifadhi isishike moshi. Nikamwuliza. Akashangaa kwamba namwuliza yeye. Alisema, "Dalmas si alienda nayo? Siku ile ile ya kurudi Nairobi. Aliifunga kwa koti lake, nikafikiri mmeongea."

Nikaenda kwa Mzee Elija, yeye aliyesimamia mazishi. Nikamwambia nimekuja kusikia neno la wazee juu ya kibodi. Akaniuliza kibodi ni kitu gani. Nilipomweleza, akasema tangu Novemba hawajakaa kwa jambo lolote la Oduor, na kwamba sheria ya kitu kisichorudi kilikotoka yeye hajawahi kuisikia, mkuki wa babu yake ulibebwa tero buru tatu na bado ulirudi kuchoma samaki. Akacheka sana. Mimi sikucheka.

Kwa hiyo wazee ni wewe. Umenitungia kikao, umenitungia na sheria, umenitisha kwamba nitaonekana naaga nyumba. Na wakati wote huo kitu kiko Nairobi, kwako, na wewe hujui kuchapa hata jina lako. Unakifanyia nini? Umekiuza? Kama umekiuza niambie kwa nani, nitamfuata huyo.

Na lile jambo ambalo hutaki kuliandika, nitaliandika mimi. Mnataka nikubali mmoja wa binamu zenu aingie nyumba ya Oduor kama mrithi. Jibu ni hapana. Si hapana ya leo ili kesho nifikirie tena. Nimeolewa hapa, mtoto wangu ni wa hapa, mimi siagi nyumba ya mtu, na wala sirithiwi. Nilimwambia Mama uso kwa uso. Aliendelea kuchagua omena, kisha akasema, "Basi usiache kuja." Nimemwahidi.

Kibodi yangu irudi Kisumu.

Nasipwondi


Kisumu,
29 Julai 1996

Dalmas,

Hatujambo. Wewe sijui, maana hujajibu.

Nakuandikia kukuarifu kilichotokea. Mtihani wa hesabu wa darasa la saba wa shule moja kule Kisian niliuchapa kwa kibodi yako bubu. Kitufe cha sifuri kilikuwa kimeingiwa na mdudu, mara kinaingiza, mara hakiingizi, na mimi sikusikia kwa sababu hakuna cha kusikia. Nilisahihisha kwenye karatasi, lakini stensili ikishatobolewa huoni vizuri, na upande wa kushoto wa skrini unajua ulivyo. Gunia la kilo tisini likawa la kilo tisa. Mkulima wa kwenye swali akavuna mifuko kama hiyo kutoka shamba zima. Watoto walifanya hesabu sawasawa wakapata majibu ya ajabu, walimu wakadhani watoto wamerogwa.

Madam Beldina, mwalimu mkuu wao, alikuja mwenyewe. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba ya muhula wa tatu watapeleka kwingine. Sikumwambia habari ya kibodi. Jina langu ndilo liko chini ya karatasi, kosa ni langu. Lakini wewe nakwambia. Shule ya Bondo bado iko nami, nayo ikisikia haya itaondoka pia, halafu nitakuwa nimekaa kwenye chumba kinachovuja nikiwa na printa nzuri isiyo na cha kuchapisha. Hapo ndipo binamu yenu atakapoonekana msaada. Sikubali ifike hapo.

Shule zikifungwa nitakuja Nairobi na Anyango. Nitakaa kwenye mapokezi ya hiyo kampuni yenu ya bima mpaka utoke. Wakiniuliza nimekuja kukatia nini bima, nitawaambia.

Nasipwondi


Nairobi,
4 Agosti 1996

Shemeji Nasipwondi,

Salamu. Tu wazima. Barua zako zote mbili zilifika. Ile ya Juni nilikaa nayo kwenye mfuko wa koti.

Usije kazini kwangu. Si kwa sababu ya aibu, ingawa aibu ipo. Kuna watu wanapunguzwa, na mimi sijui niko upande gani wa karatasi yao.

Ninayo. Sikuiuza. Uliuliza naifanyia nini, nami nitakujibu, na ukitaka kunicheka unicheke. Iko chumbani, juu ya meza ndogo, haijaungwa na kitu. Sina kompyuta. Watoto wakilala na Elsie akiwa kwaya, naivuta, nabonyeza vitufe. Ni hivyo tu.

Unajua kila Ijumaa baada ya chakula nilikuwa nampigia Oduor kutoka ofisini, kwenye simu ya duka la Jayshree, naye alikuwa akiivuta mpaka chumba chenu cha nyuma. Tulizungumza habari za nyumbani, za Mama, za mpira. Na nyuma ya sauti yake wakati wote kulikuwa na mlio huo, kama mvua inapoanza kwenye bati. Hata alipougua na sauti ikawa ya kuvuta, mlio ulikuwa pale pale, haukupungua kasi. Nikawa najiambia mdogo wangu yuko kazini, anachapa huku anaongea nami, mtu anayechapa hivyo hafi. Ijumaa niliyopiga nikakuta kimya, nilijua kabla Jayshree hajasema neno.

Kwa hiyo niliona ile kibodi mezani, nikaichukua. Ni kweli nilikudanganya juu ya wazee, na hilo nakuomba msamaha. Lakini kuichukua sijutii. Wewe una chumba chake, una printa, una mtoto wake anayefanana naye mpaka kucha. Mimi nilikuwa na sauti tu. Nakuomba kama mkubwa wako, na kama hilo halitoshi basi nakuomba kama ndugu, niachie hiyo. Nitakununulia yoyote nyingine duniani.

Dalmas


Kisumu,
15 Agosti 1996

Shemeji Dalmas,

Anyango anakusalimu. Amekuchorea picha ya feri imenaswa kwenye magugu, nimeiweka ndani. Mimi nimesoma barua yako nikalia, kisha nikaisoma tena nikakasirika. Utaupata ukweli wote bila kupunguzwa.

Unamjua Oduor akichapa? Alichapa kwa kidole kimoja. Alitafuta herufi kama mtu anayetafuta mende kwenye kabati, na zilipofutika akaacha kabisa, akitaka barua aliniambia mimi. Na ulipokuwa ukipiga Ijumaa, mkono mmoja ulikuwa umeshika simu na mwingine umeshika kikombe, miguu juu ya kiti changu. Nilimfukuza kila wiki, hakusikia. Sasa fikiri. Ni nani alikuwa akichapa?

Ilikuwa mimi, Shemeji. Ijumaa ndiyo siku ya stensili, walimu wanakuja kuchukua saa kumi. Mlio uliokuwa ukiusikia ni mikono yangu. Alipougua haukupungua kasi kwa sababu mimi sikuwa na nafasi ya kupunguza, dawa zake zilitoka humo. Na Ijumaa uliyokuta kimya nilikuwa hospitali namfunga kidevu.

Miaka yote umenisikia na hukuuliza hata siku moja ni nani huyo. Naye hakukwambia kwa sababu hakuona kama kuna la kuambiwa. Kila aliyeingia chumba kile aliniona nimekaa pale. Halafu akafa, mkaja, mkatazama meza, mkaamua kila kinachopiga kelele ni cha mwanamume.

Sikunyimi ndugu yako. Mlilie, mimi mwenyewe bado namlilia na sijui nitamaliza lini. Lakini usimlilie kwa mikono yangu na huku mimi nimekaa bila kazi. Huo mlio si wake, na hauwezi kutoka kwenye meza yako kwa sababu anayeutoa yuko Kisumu.

Itume kwa basi. Ifunge kwa kitambaa kizito. Waya usiukunje pale unapoingilia, umechoka.

Nasipwondi


Nairobi,
24 Agosti 1996

Shemeji,

Imeondoka leo. Ameibeba Wakoli, dereva wa basi la usiku, mtu wa kwenu, nimemwambia ni ya nani naye ameiweka karibu na miguu yake. Nimetumia blanketi la watoto.

Barua yako nimemsomea Elsie kwa sauti. Hakunihurumia.

Nilimpelekea Mama ujumbe nikamweleza. Ameogopa. Anasema siku ile nilikimbia mpaka mpakani nimebeba chombo cha mtu aliye hai, tukakifanyia kilio, na jambo kama hilo haliachwi hivi hivi. Anataka uje nyumbani achinje jogoo na mchungaji aombe. Nikifikiri vizuri naona ana haki ya kuogopa. Tulikuzika kidogo, na hakuna aliyeona.

Nisamehe.

Dalmas


Kisumu,
1 Septemba 1996

Shemeji Dalmas,

Salamu kwenu wote, na kwa Elsie mara mbili. Anyango amefungua shule, sare tumeishusha upindo, magoti yamefichika. Paa limezibwa, nilipanda mwenyewe, Jayshree ameshika ngazi huku akiita miungu yake yote.

Barua hii unaiona imechapwa. Imetoka kwenye kibodi ile na kwenye printa ile, na washonaji wa jirani wameshatuma mtu kuuliza kama tumerudi. Tumerudi. Nilivitoa vitufe vyote nikaviosha, na chini ya herufi J nilikuta mchanga wa huko mpakani mlikokimbilia. Umekwenda na maji ya sabuni. Wa Bondo wameleta kazi ya muhula mzima. Madam Beldina bado, lakini nimemchapia ule mtihani wa hesabu upya, sifuri zake zote zikiwemo, nikampelekea Kisian kwa mkono wangu. Aliupokea. Mimi sikumwomba kazi.

Mwambie Mama nitakuja Desemba kumwona, na jogoo wake tutamla kwa sababu ni mtamu. Kwa sababu nyingine siji. Sina haja ya kuombewa nirudi, sikwenda popote.

Msamaha umepata. Usiuombe tena, unachosha.

Na jambo la mwisho. Ijumaa baada ya chakula simu ya Jayshree iko wazi. Ukipiga, nitapokea mimi, niulize habari zangu. Usiniambie nisimamishe kazi ili tusikizane. Nitaweka simu begani, nitaongea nawe, na kelele utaivumilia.

Nasipwondi